Uzi: Pipi za Halloween hapa Minnesota, Marekani, tuhesabu kwa mtoto wala si kwa mfuko

1. Baba Zawadi, Brooklyn Park

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Novemba iliyopita mama watoto aliniwekea risiti tano mezani bila kusema neno, nami nilipozijumlisha nikakuta nimetumia dola 83 kwa pipi za jioni moja, ilhali kabatini mlikuwa na mifuko miwili mizima ambayo tuliimaliza wenyewe kabla ya Krismasi. Jambo lililoniuma ni kwamba hakuna hata mfuko mmoja kati ya hiyo nilioununua kwa bei kamili. Yote ilikuwa ya ofa. Ndipo nilipokaa na kikokotoo, na leo nayaleta mahesabu hayo hapa mapema, kwa kuwa wengi wetu tumekulia mahali ambapo sikukuu hii haipo, na tulipofika huku tulijifunza kuinunulia kwa kuwatazama majirani.

Kwa aliyefika karibuni, jioni ya Oktoba 31 watoto waliovaa mavazi ya kuigiza hupita mlango kwa mlango, na mwenye nyumba aliyewasha taa ya barazani humpa kila mmoja pipi. Aliyezima taa huachwa kwa amani. (Kuzima taa ndiyo ofa kubwa kuliko zote, lakini nina mtoto wa miaka 8, na haki hiyo nimenyang'anywa.)

Lebo ya rafuni huwa na bei mbili: bei ya mfuko kwa tarakimu kubwa, na pembeni, kwa tarakimu ndogo, bei ya kila wakia (aunsi) moja ya uzito. Wanaojiona wajanja, nami nikiwamo, huitazama hiyo ndogo na kuchagua mfuko wenye wakia rahisi. Ushauri huo unafaa kwa mchele na unga. Kwa pipi za Halloween unapotosha, kwa sababu mtoto aliye mlangoni hapimiwi wakia, bali hupewa kipande.

Tuchukue mifuko miwili ya mfano. Wa kwanza una vipande 50, uzito wa wakia 30, bei dola 9: kila wakia ni senti 30 na kila kipande ni senti 18. Wa pili una vipande 100 vidogo zaidi, uzito wa wakia 36, bei dola 13: kila wakia ni senti 36, lakini kila kipande ni senti 13. Ukifuata lebo utachukua wa kwanza. Ukihesabu vipande utachukua wa pili, na utadhani umeokoa senti 5 kwa kila mtoto. Ngoja kwanza. Kipande cha mfuko wa pili ni kidogo kama kifungo cha koti, na ukikiweka peke yake katika mfuko wa mtoto aliyepanda ngazi zako kwa kishindo, mkono wako wenyewe utaona haya na kurudi kuongeza cha pili. Hapo umetoa senti 26. Hivyo swali la kuuliza mbele ya rafu ni moja: nikiwa mlangoni, mkono wangu utachota vingapi, na mchoto huo unagharimu senti ngapi? Mimi naiita bei ya mchoto, na tangu nianze kuitumia nimeona kwamba ofa nyingi zinayeyuka zenyewe.

Maduka ya jumla ya uanachama yana mifuko mikubwa ya vipande 150 na kuendelea, na kwa kawaida mchoto wake ni rahisi kuliko wa dukani kwingine. Hata hivyo mwaka 2025 uanachama wa Costco ulikuwa dola 65 kwa mwaka na wa Sam's Club dola 50. Ikiwa unaokoa senti 4 kwa kipande na unanunua vipande 200, umeokoa dola 8. Usijiunge kwa ajili ya pipi. Mtafute mwenye kadi, mnunue pamoja, mgawane nyumbani kwa kuhesabu.

Katika maduka ya dawa, yale matangazo ya nunua mmoja upate wa pili kwa nusu bei huambatana na bei ya kwanza iliyo juu, na mara nyingi hudai uwe umejisajili kwenye programu yao ya simu. Mfuko wa vipande 30 kwa dola 6, na wa pili kwa dola 3, ni senti 15 kwa kipande. Si mbaya, lakini si zawadi.

Kuhusu chokoleti, msishangae bei yake. Kakao ilivuka dola 12,000 kwa tani katika soko la New York mwezi Desemba 2024, baada ya hali ya hewa na maradhi ya mikakao kupunguza mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Mwaka 2025 ilishuka sana, ila viwanda hununua kakao miezi mingi kabla, kwa hiyo chokoleti ya rafuni mwaka huo bado ilikuwa na bei ya msimu ule. Pipi zisizo na kakao, kama vile Skittles, Smarties za Marekani na pipi za kijiti, hazikuguswa na msukosuko huo kwa kiasi hicho.

Naomba wenye uzoefu waongezee au wanikosoe.

2. Muuguzi wa Zamu, Rochester

Baba Zawadi, hesabu yako ni sahihi, lakini umeruka hatua iliyonigharimu mimi: huwezi kupanga mchoto kabla ya kujua idadi ya mikono. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nimepanga ghorofa ya tatu katika jengo la vyumba vingi, nikanunua vipande 300 kwa sababu ofa ilikuwa nzuri na kwa sababu wenzangu kazini walizungumzia mamia ya watoto. Nilikaa mlangoni na sinia langu tangu saa kumi na mbili jioni. Walikuja watoto watatu, na wawili kati yao walikuwa wa jirani wa ng'ambo ya ukumbi, ambao huniona kila siku na ambao nadhani walitumwa kwa huruma. Senti 12 kwa kipande, na bei yangu kwa kila mtoto ikawa dola 12.

Watoto hufuata mitaa yenye nyumba za chini zilizosogeleana na njia ya waenda kwa miguu. Anayeishi katika jengo kama langu amuulize mpangaji wa zamani kabla ya kununua chochote. Tena kuna makanisa na shule ambazo watu hupanga magari uwanjani na kufungua buti, watoto wakapita gari hadi gari, na huko waandaaji hukuambia mapema idadi wanayoitarajia. Siku hizi ninatoa huko.

3. Baba Zawadi, Brooklyn Park

Dada Muuguzi, umenishika pabaya, maana mimi mwenyewe sijawahi kuwahesabu. Mwaka huu nitaweka kopo tupu na punje za maharagwe karibu na mlango, kila mtoto punje moja.

4. Mama Pendo, Anoka

Hodi humu. Mimi naishi upande wa pili wa tatizo la dada. Anoka ni mji unaojiita makao makuu ya Halloween duniani, na gwaride lake limekuwapo tangu mwaka 1920, lilipoanzishwa ili kuwashughulisha vijana waliokuwa wakifanya utundu usiku huo. Mtaani kwetu nimetoa vipande zaidi ya 400 kwa jioni moja. Kwa idadi hiyo chokoleti tupu ni anasa, nami nimeiacha. Natoa peremende moja na pipi laini moja, na chokoleti naiweka katika bakuli dogo kwa ajili ya wadogo wanaobebwa, ambao hata hivyo pipi zao huliwa na wazazi.

Nina neno kwa wenye watoto wachache pia. Anayetembelewa na watoto 12 asinunue mfuko mkubwa kabisa. Mfuko wa dola 21 wenye vipande 150 utamwachia vipande zaidi ya mia moja vya kujilia mwenyewe, wakati ambapo chokoleti 12 za ukubwa kamili, hata zikiwa dola 1.30 kila moja, ni chini ya dola 16. Atatumia pesa kidogo zaidi, na ile nyumba itakumbukwa na watoto mwaka mzima. Watu huogopa chokoleti nzima kwa sababu wanaitazama bei ya kimoja. Waitazame bei ya jioni.

5. Mzee wa Kigoma, Saint Cloud

Nimesoma yote, na nawashangaa kwamba hakuna aliyetaja njia ninayoifuata kwa miaka tisa sasa. Mimi sinunui pipi Oktoba. Nanunua Novemba 1 asubuhi, maduka yanapoziuza kwa nusu bei ili kupisha mapambo ya Krismasi, na siku chache baadaye, duka likiwa bado na akiba, punguzo hufika asilimia 70 na wakati mwingine 90. Pipi za mwaka huu nilizinunua mwaka jana. Bei ya mchoto wangu ni senti 5, na kijana Baba Zawadi akitaka nitamwonyesha risiti.

Siri ni kuchagua mifuko ambayo picha ya boga na popo ipo juu ya mfuko tu, lakini karatasi za ndani ni za kawaida. Hizo unaweza kuzitoa Krismasi, harusini au kanisani, na hakuna atakayejua kwamba zilizaliwa kwa ajili ya Halloween.

Halafu nimefurahi kuona mtu anaandika wakia. Vijana wangu wanasema aunsi, na ratili wanaiita paundi, kana kwamba babu zetu hawakupima kitu.

6. Baba Zawadi, Brooklyn Park

Mzee wangu, shikamoo. Njia yako naiheshimu, na kwa peremende ngumu na pipi za kijiti sina hoja dhidi yake, kwa sababu zikifungwa vizuri mbali na unyevu hukaa mwaka bila kubadilika. Kwa chokoleti natofautiana nawe kidogo. Chokoleti tupu ikipitia joto na baridi hupata utando mweupe, ambao ni mafuta au sukari iliyopanda juu. Haudhuru, lakini mtoto akiifungua chokoleti hudhani ni ukungu, na mzazi wake hudhani hivyo hivyo. Zile zenye karanga ndani ni mbaya zaidi, maana mafuta ya karanga huchacha, na ladha yake huwa ya kitu kilichosahauliwa ghalani. Mimi ningepunguza: Novemba 1 ninunue peremende za mwakani, na chokoleti ninunue kwa ajili ya Desemba ile ile.

Pia si kila mtu ana nidhamu yako. Pipi ikikaa nyumbani kwangu miezi kumi na miwili, haitakaa miezi kumi na miwili.

7. Mzee wa Kigoma, Saint Cloud

Marahaba. Hapo kwenye karanga nakubali. Chokoleti nzima nazihifadhi katika friza, ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili, na nikizitoa naziacha zipate joto la chumba kabla ya kuufungua mfuko, ili umande usizishike. Lakini zenye karanga nilishaziacha. Kuhusu nidhamu, kopo langu nimelitia kufuli.

8. Binti Mvita, Minneapolis

Assalaam alaykum nyote. Nadhani hesabu ya mchoto ina pengo moja: pipi ambayo mtoto hawezi kuila ni pesa iliyotupwa, hata ikiwa imenunuliwa kwa senti 2. Mitaa yetu ina familia nyingi za Kisomali, na watoto wao wanaobisha hodi hukagua mfuko nyumbani na mama zao. Chochote chenye jelatini huondolewa, kwa kuwa jelatini ya pipi za hapa mara nyingi hutokana na nguruwe. Starburst zinazouzwa Marekani zina jelatini. Skittles, Smarties, Swedish Fish na Sour Patch Kids hazina, na bei zake hazitofautiani sana, kwa hiyo kuchagua hizo hakukugharimu chochote ila kusoma mgongo wa mfuko.

Vivyo hivyo kwa watoto wenye mzio wa karanga. Mkiona boga lililopakwa rangi ya buluu ya kijani mbele ya nyumba, maana yake ni kwamba hapo kuna vitu visivyoliwa, na mpango huo ulienea nchi nzima kuanzia mwaka 2014. Mimi huweka bakuli la pili la penseli na vibandiko. Penseli ikinunuliwa kwa dazeni kadhaa huwa na bei inayokaribiana na kipande cha chokoleti, na haiishi muda wake, kwa hiyo zilizobaki ninazo hadi mwakani.

Kwetu Mombasa siku ya Idi watoto walikuwa wakizunguka nyumba hadi nyumba na nguo mpya kudai mkono wa Idi, na bibi yangu aliandaa sarafu zake jana yake, akiwahesabu watoto wa mtaa kwa majina. Hakuwahi kubakiwa na sarafu. Tofauti ya hapa ni kwamba hatuwajui watoto kwa majina, ndiyo maana tunahitaji maharagwe ya Baba Zawadi.

9. Keshia wa Jioni, Brooklyn Center

Ninafanya kazi kwenye mashine ya malipo, nami naona jambo ambalo wanunuzi hawalioni kwa sababu risiti huiweka mfukoni bila kuisoma. Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwa vyakula vingi, lakini pipi hutozwa. Mwaka 2025 kwa Minneapolis kodi hiyo jumla yake ilikuwa asilimia 9.025, na kwa Brooklyn Park zaidi ya asilimia 8.5. Sasa sikilizeni: kwa sheria ya kodi, kitu chenye unga wa ngano miongoni mwa viambato vyake hakiitwi pipi. Kit Kat ina kaki ndani, Twix ina biskuti ndani, na Twizzlers zina unga, kwa hiyo zote hizo hupita kama chakula cha kawaida na hazitozwi. Mfuko wa Kit Kat tupu wa dola 12 unalipiwa dola 12. Mfuko wa chokoleti isiyo na unga wa bei hiyo hiyo unalipiwa karibu dola 13.

Kwa hiyo bei ya mchoto ihesabiwe baada ya kodi. Mteja mmoja alinibishia kwa dakika nzima kwamba mashine imekosea, hadi nilipomwonyesha neno unga kwenye mfuko.

Jambo la pili ni wakati. Wiki mbili za mwisho za Oktoba ndipo ofa za kabla ya siku yenyewe huwa nzuri, lakini ukingoja hadi Oktoba 30 utakuta rafu ya chokoleti imebaki na zile ambazo kila mtu amezikataa, na utazinunua kwa bei kamili kwa sababu ya hofu. Anayenunua Septemba naye hununua mara mbili, maana zile za kwanza huliwa.

10. Mama Pendo, Anoka

Keshia, Mungu akubariki. Nimenunua Twix kwa miaka sita bila kujua kwamba serikali inaniunga mkono.

Nyongeza ndogo kuhusu hali ya hewa. Majirani zangu wazee wangali wanasimulia tufani ya theluji iliyoanza Oktoba 31, 1991, ambayo hadi ilipokwisha siku chache baadaye ilikuwa imemwaga zaidi ya inchi 28 za theluji Minneapolis. Si lazima iwe kubwa hivyo. Mvua ya baridi tu huwapunguza watoto kwa nusu. Kwa sababu hiyo sifungui mifuko yote mara moja: wa pili unafunguliwa wa kwanza ukiisha, na ule ambao haukufunguliwa huwa umechaguliwa kwa kanuni ya Mzee wa Kigoma, karatasi za kawaida ndani, ili uwe wa Krismasi.

11. Baba Zawadi, Brooklyn Park

Ndugu zangu, leo ni Novemba 2, na naleta matokeo ya kopo langu.

Kopo lina maharagwe 104. Nilinunua mfuko mmoja wa chokoleti wenye vipande 150 kwa dola 21, kupitia kadi ya jirani ambaye nilimlipa kwa kumfagilia majani uani, na mfuko wa peremende 120 zisizo na jelatini kwa dola 9. Pamoja na kodi ikawa takriban dola 32 na nusu. Kila mtoto alipata chokoleti moja na peremende moja. Mchoto wenyewe ni senti 21 na nusu kabla ya kodi, lakini nikigawa pesa zote nilizotoa kwa watoto waliokuja, ni senti 31 kwa kila mmoja, kwa sababu kodi nimeilipa, na vilivyobaki navyo nimevilipia. Hiyo tofauti ya karibu senti 10, ukiondoa senti 2 hivi za kodi, ndiyo bei ya kutojua idadi, na mwakani nina kopo la kuanzia.

Kosa langu ni moja. Keshia alipoandika, mimi nilikuwa nimeshanunua chokoleti isiyo na hata chembe ya unga.

Jana asubuhi nilikwenda pia kutafuta nusu bei ya Mzee. Nilifika saa nne, peremende zilikuwapo tele, chokoleti zilikuwa zimebaki zile zenye karanga tu, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa akiondoka na toroli lililojaa. Sikuthubutu kumwuliza kama anatoka Kigoma.

Dada Muuguzi, kama magari ya kanisani bado yanapokea michango kwa ajili ya mwakani, peremende 16 zilizobaki ni zenu. Kuhusu zile chokoleti 46 sina mamlaka tena. Mama watoto amezihamisha, na nikiuliza zilipo naonyeshwa zile risiti tano.